Kaburi la Kumi na Tano

Makaburi yalikuwa kumi na matano, na karatasi ya Papa Ignace ilisema kumi na manne.

Aliyahesabu mara mbili, akipita kati ya mistari na kugusa kila moja kwa ncha ya kalamu, maana hakutaka kuchafua vidole vyake kwa chokaa. Papa Ignace alikuwa mtu wa biro ya urithi, ofisi ya serikali ya kutunza mambo ya kale, ametumwa kutoka Kalemie kwa pikipiki, na vumbi la njia lilikuwa limemharibia suruali na roho tangu asubuhi. Mama Émérence alisimama langoni, beseni la piroki za kuuza kichwani. Tangu mtu yule alipoanza kuhesabu, alijua hesabu itaishia wapi.

"Papa Adalbert," Ignace akasema, "hili moja linatoka wapi?"

Adalbert, mumewe Émérence na mlinzi wa makaburi yale, alivua kofia akaitazama ndani. "Shefu, mimi nilikuta vile. Baba yangu aliniachia vile."

"Wapolo wenyewe wameandika kumi na manne. Karatasi imetoka kwao Ulaya, iko na muhuri. Weye na baba yako mulisoma wapi kuhesabu?"

"Hatukusoma sana, shefu."

"Hiyo naiona." Ignace akakunja karatasi. "Sikiliza. Jumanne Madame anafika. Tutakwangua chokaa yote, tusome majina. Lile halina jina, na haliko ku karatasi, litafukuliwa, lipelekwe makaburi ya watu wote, ya komini. Urithi hauchanganywi na vitu vingine."

Vitu vingine. Kitu chenyewe kilikuwa Keren, mtoto wa pili wa Émérence, aliyekufa akiwa na miaka saba, mwaka wa kipindupindu. Yeye na mumewe tu ndio waliojua kwamba yuko pale, mwisho wa mstari, chini ya mlimao, katikati ya Wapolo.

"Mama, lete hizo piroki," Ignace akamwambia. "Sijakula tangu Kalemie."

Akala tatu akiwa amesimama, akapangusa mikono kwa majani ya mlimao, akapanda pikipiki. Asante hakusema.

Kama hujawahi kufika Novola, usijilaumu, wengi hawajafika. Ni mji mdogo, saa moja kwa pikipiki kutoka Kalemie ukilifuata ziwa kuelekea kaskazini, na ukipitiliza wala hutajua kuwa umepitiliza. Wapolo, wazungu wa Ulaya ya mashariki, ndio waliouanzisha. Walikuja baada ya vita kuu ya wazungu, familia kumi na moja zisizo na pa kurudi, kwa maana nchi yao, walisema, ilikuwa imeshikwa na wengine. Waliona mawe ya chokaa mlimani, wakajenga tanuri, wakapaita mahali pale Nowa Wola. Wenyeji walisema Novola, na Wapolo wakachoka kusahihisha.

Basi watu wale walipaka chokaa kila kitu. Walipaka nyumba, walipaka mashina ya miti, walipaka mawe ya kando ya njia, na wakifa, walipakwa makaburi yao. Mwaka wa uhuru waliondoka wote katika wiki moja. Inasemekana nyumba nyingine ziliachwa na chungu motoni. Tanuri likazimika, lakini mazoea hayakuzimika. Mpaka leo, mkesha wa Watakatifu Wote, Novola nzima inatoka na ndoo na brashi za katani, na kila kaburi, la Mpolo na la mwenyeji, linapakwa chokaa na kuwashiwa mshumaa. Binti wa Novola akiolewa Moba au Nyunzu, anashangaa kuona watu wa huko wanawaacha wafu wao kwenye nyasi. Na piroki je? Unga unakandwa, unajazwa kabeji au ndagala, samaki wadogo wa ziwani, unafungwa kama mwezi nusu, unachemshwa. Watu wa Kalemie wanacheka, wanauliza sambusa gani hii imezama majini. Lakini wanakula.

Baba yake Adalbert, marehemu Hippolyte, alikuwa mchomaji wa tanuri. Bwana wake Mpolo ndiye aliyempa mtoto wake jina la Adalbert, jina la mtakatifu wa kwao, na siku ya kuondoka akamwachia neno moja tu, kwamba makaburi yasikose chokaa. Ee, hayakukosa! Miaka sitini na zaidi, tabaka juu ya tabaka, baba kisha mwana, bila mshahara wa mtu yeyote, mpaka misalaba ikanenepa na majina yote yakazibwa. Hakuna aliyefikiri kuyaandika pembeni kwanza. Waliwaheshimu wafu wale mpaka wakawafuta majina.

*

"Tumuambie ukweli," Émérence alisema jioni ile, wakiwa wamekaa na sahani ya bugali katikati yao ambayo hakuna aliyeigusa.

"Tumuambie nani? Ignace? Atakuja na chepe kesho asubuhi."

"Basi tumutoe sisi wenyewe. Tumupeleke mahali."

Adalbert akamtazama. "Weye unaweza kumufukua?"

Adalbert mwenyewe hakuweza, ingawa yeye ndiye aliyemzika.

Mwaka ule wa kipindupindu, waliokufa walichukuliwa na watu wa kunyunyiza dawa, wakatiwa kwenye mifuko, wakapelekwa shimo la pamoja mbali na mji. Watu walikatazwa kukusanyika. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na kilio, mama alibaki nyumbani kwake akitazama mkeka. Keren alikata roho alfajiri. Kabla ya wale watu kufika, Adalbert alimfunga kwa kitenge cha mama yake, akamchukua mikononi kama mtoto aliyelala, akachimba katika udongo alioujua kuliko wa shamba lake. Akapanga mawe, akapaka chokaa. Majirani aliwaambia kwamba wamemchukua, na majirani waliamini, maana walikuwa na wafu wao.

Tangu siku hiyo, Émérence hakuwahi kulia pale. Kila mwaka alilipaka kaburi la kumi na tano kwa brashi ileile, wala si zaidi wala si pungufu ya mengine, asije mtu akauliza. Mshumaa mmoja, kama wa wengine. Alikuwa amechoka na uangalifu ule kuliko alivyochoka na kazi yoyote ya mikono.

"Ignace amesema wataniandika," Adalbert akasema polepole. "Mulinzi wa Urithi. Na mushahara. Rosine wetu amerudishwa kutoka shule ya Kalemie mara mbili juu hatukulipa minerval, Émé. Nikisema ukweli, mutoto anafukuliwa, na kazi inaenda. Tunapoteza yote mawili."

"Na usiposema?"

"Sijui. Acha nifikiri."

Alifikiri siku nne. Heri asingefikiri.

*

Jumanne ilifika gari, na ndani ya gari mzungu mfupi, mzee, mwenye kofia ya majani na viatu vizito vya kupandia mlima. Ignace alikuwa amekusanya watu, amewapanga kama watoto wa shule, amechukua viti viwili pekee vya nyumbani kwa Émérence, kimoja cha Madame na kimoja chake mwenyewe. Akaanza hotuba. Mzungu hakuisikiliza. Alishuka, akawatazama watu, akafungua mdomo.

"Jambo. Mimi Halina. Mimi nimezaliwa hapa. Mimi iko na njaa."

Jamani! Watu walivunjika mbavu. Si kwamba alikosea. Ni kwamba alisema kama mtoto. Aliondoka Novola akiwa na miaka minane, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki na umri uleule. Alijua kusema moto, usiguse, njoo tucheze, nimeanguka, nataka tena. Maneno kama serikali na ruhusa hakuyajua, kwa hiyo Ignace alipata shida naye tangu mwanzo.

Émérence akasogea na beseni lake. Ignace akampungia mkono kama anayefukuza kuku. "Mama, ondoa hayo. Madame hawezi kula vya barabarani."

Lakini Halina alikuwa ameshaona. Akachukua piroki moja kwa vidole, akaiuma, akafumba macho.

"Hii ya Mama yangu," akasema.

"Hapana, Mama," Émérence akajibu kwa heshima, "ni yangu. Niliamka saa kumi kuipika."

Watu wakacheka tena, na Halina akacheka pamoja nao, akala ya pili, akala ya tatu. Émérence alimpenda. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu lilifanya yaliyofuata kuwa magumu zaidi.

*

Ukwanguaji ulichukua siku mbili. Kazi hiyo alipewa Pascal, fundi mwashi, mtu mpole asiyesema hovyo, na patasi zake na brashi ya waya. Chokaa ilibanduka kwa magamba mazito kama kidole, na chini yake majina yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, herufi zilizojaa unga mweupe. Kila jina lilipotoka, Halina alikaa chini kwenye udongo na kueleza. Huyu alipiga kinanda. Huyu alikuwa na mbwa. Huyu alinichapa juu nimeiba sukari. Wazee wawili watatu waliokumbuka waliitikia, ee, ee, na mbwa mwenyewe alikuwa mkali.

Siku ya pili mchana, Pascal alimaliza la kumi na nne, akahamia chini ya mlimao. Émérence alikuwa amesimama nyuma ya watu. Aliisikia patasi, ko, ko, ko, akaona kama inagonga meno yake.

"Shefu," Pascal akasema, akiinua uso. "Hili halina maandishi chini. Na chokaa yake ni nyembamba. Tabaka sita, saba. Yale mengine ni mengi sana."

Ignace akaja, akatazama, akachukua kipande cha chokaa akakipima kwa kucha. Hakuwa mjinga, hata kidogo. "Papa Adalbert. Njoo hapa."

Adalbert akaja. Kofia mkononi. Émérence akajua kwamba neno alilolifikiria kwa siku nne linakuja sasa.

"Ni mutoto muchanga, shefu," Adalbert akasema. "Mutoto wa mama ya Madame huyu. Alikufa bila batizo, njo maana hawakumuandika. Baba yangu alinionyesha. Zamani liliota nyasi tu, mimi njo nilianza kulipaka, miaka hii ya nyuma."

Halina alikuwa anawatazama midomo yao. "Mutoto wa nani?" akauliza.

"Wa mama yako," Ignace akamjibu kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na kiziwi. "Mutoto mudogo. Alikufa."

"Zosia?"

Halina aliliinamia kaburi lile, akaweka viganja vyote viwili juu yake, akalia kilio ambacho hakuna aliyekitegemea kwa mtu wa miaka sabini na zaidi. Baadaye, kwa vipandevipande vya maneno yake, watu walielewa. Mama yake alizaa mtoto Novola, mtoto akafa, na hakuna karatasi iliyomkumbuka. Mpaka anakufa huko Ulaya, mama alikuwa akisema, tumemuacha Zosia peke yake. Halina hakuja kwa ajili ya urithi wala biro. Alikuja kumtafuta mdogo wake.

Adalbert mwenyewe alishtuka. Alikuwa amemsikia baba yake akitaja mtoto aliyekufa, hakujua zaidi. Alidhani anatupa jiwe gizani, kumbe kuna mtu amesimama pale.

Émérence alimsogelea, akamnong'oneza bila kumtazama. "Umemutoa mutoto wangu."

"Nimemuokoa," Adalbert akasema.

*

Kuanzia siku hiyo, kila saa tisa, Halina alikuja kukaa na Zosia wake. Jua la Oktoba ni kali, mvua bado inasitasita, na Ignace hakutaka Madame azimie mikononi mwake. Akamwita Émérence, akampa mwavuli.

"Weye si una nafasi? Utamushikia."

Akamshikia. Kila siku, saa nzima, mkono juu. Halina alikaa akizungumza na kaburi, zaidi kwa lugha yake, mara nyingine kwa Kiswahili chake cha utoto, maana alisema Zosia alizaliwa hapa, labda anaelewa zaidi. "Zosia, mimi dada yako. Nimechelewa. Usikasirike." Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakuwahi kushika mwavuli ule. Émérence alikuwa na maneno ya miaka sita kifuani, amesimama hatua moja kutoka kwa mtoto wake, na kazi yake ilikuwa kumkinga jua mtu mwingine anayemlilia.

Siku ya tatu Halina aliinua uso akamuuliza, "Weye iko na batoto?"

"Ndiyo, Mama. Mumoja yuko Kalemie, anasoma."

"Mumoja tu?"

Émérence akahamisha mwavuli kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. "Mumoja," akasema.

Siku hiyohiyo Adalbert alirudi nyumbani na barua. Aliileta ndani ya mfuko wa plastiki ili isishike jasho. Mlinzi wa Urithi, jina lake kamili, muhuri wa rangi ya zambarau. Alikuwa mtu wa miaka sitini na sita, na hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza ya kazi kuandikwa jina lake. Aliiweka mezani akangoja mkewe aitazame. Émérence aliendelea kuosha sahani.

"Wameagiza bamba la jiwe Kalemie," akasema mumewe. "Litabandikwa Ijumaa. Baada ya hapo hakuna muntu atamugusa, Émé. Hata mimi nikifa. Hata weye. Atalala pale siku zote."

"Na jina gani juu yake?"

"Jina ni neno tu."

"Basi toa la kwako," Émérence akasema. "Ulilitunza sana leo ku plastiki. Toa, tukawape, tuone."

Adalbert akachukua barua yake, akaiweka juu ya kabati. Walilala migongo ikitazamana, kama walivyolala siku nyingi tangu mwaka wa kipindupindu.

*

Ijumaa lilifika bamba, jiwe jeupe, limefungwa kwenye gunia. ZOFIA, jina kamili la Zosia, na mwaka, na msalaba mdogo. Pascal alikuwa ameshatoboa matundu na kukoroga simenti. Ignace alikuwa amevaa koti. Watu hawakuwa wengi, maana ilikuwa siku ya soko, wanawake wachache tu na wazee wale wawili watatu. Halina alikuwa amesuka shada la maua ya porini, vibaya, kama watoto wanavyosuka.

Pascal akaliinua bamba. Émérence alikuwa ameambiwa asimame na mwavuli. Akaufunga.

"Mama Halina," akasema. "Ngoja."

Ignace akageuka. "Mama, nini tena?"

"Siongei na weye, Papa." Sauti ilimtoka ndogo, ikampasa kuanza upya. Akachuchumaa ili macho yao yalingane, akatafuta maneno mafupi ambayo yule mzee angeyaelewa. "Mama, huyu si Zosia. Huyu ni mutoto wangu. Alikuwa na miaka saba. Tumbo lilimuuma, akakufa. Anaitwa Keren. Mimi njo mama yake."

Halina akamgeukia Adalbert.

"Papa alisema uongo?"

Mtu mzima angezunguka, angetafuta njia ya kuuliza. Swali la mtoto halina mlango wa nyuma. Adalbert akatazama chini.

"Ndiyo, Mama. Nilisema uongo."

"Juu ya nini?"

"Niliogopa. Walisema watamufukua."

Shada likateleza kwenye mapaja ya Halina. "Basi wangu iko wapi?" akauliza. Akageuza kichwa huku na huku, kwenye makaburi, kwenye nyasi, kwenye njia ya maji, kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. "Zosia iko wapi?"

"Sijui," Adalbert akasema. "Yuko humuhumu, Mama, mu udongo huu. Baba yangu hakunionyesha. Naomba unisamehe, sijui."

Émérence alikuwa ametegemea kwamba akishasema atapumua. Hakupumua. Alimwona yule mzee akizeeka mbele yake, akajua kwamba hilo amelifanya yeye, kwa mdomo wake, na kwamba angelifanya tena.

Hapo Ignace akapata sauti. Loo, alisema! Alisema juu ya udanganyifu, juu ya aibu ya mkoa mzima, juu ya watu wanaotia mizoga yao kwenye urithi wa wengine. Akanyoosha mkono mbele ya Adalbert, akangoja. Ilichukua muda Adalbert kuelewa anatakiwa nini. Akaenda nyumbani, akarudi na mfuko wa plastiki, akautoa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Ignace alitia barua mfukoni, plastiki akaiangusha chini.

"Pascal, kesho leta chepe," akasema.

"Usimuguse," Halina akasema.

"Madame, kuko sheria..."

"Usimuguse! Mutoto analala!"

Yalikuwa maneno ya yaya, maneno aliyoambiwa yeye mwenyewe katika mji huu zamani sana, mdogo wake alipokuwa kitandani. Safari hii hakuna aliyecheka. Halina alijaribu kulibeba bamba peke yake, likamshinda, Pascal akamsaidia mpaka kwenye gari. Hakumuaga mtu. Émérence alisimama njiani na mwavuli mkononi, akitumaini angalau atatazamwa, lakini dirisha lilikuwa limefungwa, na gari likaenda.

*

Ignace hakuthubutu kuleta chepe, lakini wiki mbili baadaye uzio ulijengwa, wa waya na vyuma, kwa pesa za Wapolo wa Ulaya. Ignace aliuchora mwenyewe. Ulizunguka makaburi kumi na manne, na ulipofika mwisho wa mstari ulipinda, ukapita kati ya la kumi na nne na la kumi na tano, nafasi ya hatua moja. Keren akabaki nje, kando ya njia ya watu wanaoteremka ziwani kuchota maji. Mlinzi mpya aliletwa kutoka Kalemie, shemeji yake Ignace, kijana asiyejua kwamba chokaa huwekwa chumvi ili ishike.

Adalbert alisimama kutwa akiangalia vyuma vikipigwa. Hakusaidia, hakuzuia. Émérence alipotoka kuuza, beseni tupu kichwani, alimkuta hapo. Akatazama uzio. Akatazama kufuli langoni, kisha upande huu, ambako hapakuwa na lango, wala kufuli, wala karatasi, wala mtu wa kuulizwa.

Akatua beseni. Akaketi chini kando ya mtoto wake, akanyoosha miguu mbele kama wanawake wanavyoketi matangani, akaweka mikono kichwani.

"Keren weee! Keren wangu weee! Mama yako huyu! Mama yako nimekuacha miaka sita bila kukulilia, Keren weee!"

Sauti ilipanda mpaka tanuri la zamani, ikashuka mpaka majini. Wanawake waliokuwa wanapanda na ndoo wakasimama. Wengine wakatoka majikoni, mikono na unga. Wa kwanza kufika alikuwa Mamie, jirani yao wa mkono wa kulia, mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuja mbio mpaka kandambili moja ikabaki njiani.

"Papa Adalbert! Nani amekufa?"

Adalbert akavua kofia.

"Keren," akasema.

"Keren gani?"

"Keren wetu."

Mamie akalitazama kaburi, akautazama uzio, akamtazama Émérence pale chini. "Si tulisikia walimuchukua mwaka ule?"

"Hawakumuchukua. Mimi njo nilimuzika, peke yangu. Hakukuwa na kilio."

Mamie alifungua kitenge chake cha juu, akakitandika kwenye udongo, akaketi bega kwa bega na Émérence, akaanza naye. Wa pili akaketi. Wa tatu akatua ndoo, akaketi. Mzee mmoja aliyekuja na fimbo yake akamshika Adalbert mkono, akamwambia pole, Papa, kisha akauliza, kama inavyoulizwa kila mahali penye msiba, matanga yatakuwa siku ngapi, ili watu walete kuni.

"Siku tatu," Adalbert akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Kama ya kila muntu."